Nairobi hadi New York: masaa 7, 13 au 15? Uzi wa umbali na muda wa ndege

#1 kigamboni_feri (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Naleta uzi huu baada ya kujibu swali lile lile mwezi mzima kwenye kundi la familia la WhatsApp. Bi mkubwa wangu ana miaka 68, hajawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki, na alikuwa anakwenda New York kumwona mjukuu aliyezaliwa Novemba. Dar hadi Nairobi, kisha Nairobi hadi uwanja wa JFK moja kwa moja. Kaka yangu alikuwa wa kumpokea, mimi wa kumsindikiza, na kila mtu katika ukoo akaja na hesabu yake.

Mjomba aliitazama tiketi: kuondoka Nairobi 23:30, kufika 06:30. Akasema, "Masaa saba tu, hata basi la Mwanza linachukua zaidi." Mdogo wangu akaingia kwenye tovuti moja ya kupima umbali, akaandika majina ya viwanja viwili, ikamletea kilomita 11,840 na masaa 13. Kaka akapiga simu kwa shirika la ndege, akaambiwa 15. Mama mwenyewe akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, nijiandae kukaa kitini masaa mangapi? Maana dawa zangu za presha nazimeza kwa saa."

Swali la dawa ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Haya ndiyo niliyoyapata, na kama kuna mahali nimekosea nirekebishwe.

Saba ya mjomba si muda wa safari. Ni saa ya ukutani ya New York kutoa saa ya ukutani ya Nairobi. Sisi tuko masaa 3 mbele ya saa ya dunia ya Greenwich, New York majira ya baridi wako masaa 5 nyuma yake. Jumla tunapishana masaa 8. Kwa hiyo 06:30 yao, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, huku kwetu ni saa nane na nusu mchana. Kutoka saa tano na nusu usiku mpaka saa nane na nusu mchana, hesabu kwa vidole: 15.

Kumi na tatu ya tovuti ni kilomita zimegawanywa kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa. Ni hesabu sahihi ya ndege ambayo haipo: haitembei ardhini kabla ya kupaa, haipandi polepole, haikutani na upepo, hasubirishwi mtu kutua.

Kumi na tano ndiyo aliyokaa mama.

Na aliyakaa yote gizani. Njia hii Kenya Airways waliifungua tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8, na kwenda huwa ni usiku. Mama anasema alilala, akaamka, akala, akalala tena, akafungua kidirisha: giza. Saa yake ya mkononi, ambayo hakuibadilisha, ikamwonyesha saa mbili asubuhi. Akamwita mhudumu akamwuliza, "Mwanangu, leo hakuchi?" Yule binti akachuchumaa pale kwenye ujia, akamshika mkono na kumweleza kwamba tunaondoka pamoja na usiku, tunakwenda nao upande mmoja. Nairobi kulikuwa kumeshapambazuka zamani, ila ndege ilikuwa inalikimbia jua. Nimeuliza wengi hesabu za ndege, sijasikia aliyeeleza vizuri kuliko yule mhudumu.

Karibuni tujadili.

#2 mwanamizizima

Asante mleta uzi, na hongera kwa mjukuu, Mungu amkuze. Sisi wa pwani jambo hili tulipaswa kuwa tunalijua tangu kwa babu zetu. Jahazi la kutoka Muscat lilikuja Unguja na kaskazi, mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza, wa pili, na likarudi na kusi. Umbali ni ule ule, jiwe halijahama. Nahodha hakuulizwa ni maili ngapi, aliulizwa upepo ni wa tezi au wa omo. Ukiwa wa tezi unakusukuma. Ukiwa wa omo unakuja usoni, na siku zinaongezeka.

Ndege ni chombo kama chombo kingine.

#3 hojaNzito

Samahani wakuu, mimi kuna kitu kinanisumbua tangu sekondari na sijawahi kupata wa kunijibu. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. New York iko magharibi yetu. Maana yake ndege ikishapaa tu, New York inakuja yenyewe kuifuata. Kwenda kulitakiwa kuwe kwa haraka kuliko kurudi. Mbona kwenye ratiba kwenda ni 15 na kurudi ni 14? Naomba jibu la kueleweka, siyo la kunicheka.

#4 mwl_jiografia

Hakuna wa kukucheka, ndugu yangu. Nimefundisha jiografia miaka mingi na swali hili huulizwa na wanafunzi wanaofikiri.

Panda treni ya SGR pale Dar kwenda Morogoro. Ikishafika kasi ya kilomita 160 kwa saa, rusha chungwa juu. Linarudi kiganjani mwako, haliendi kumpiga abiria wa nyuma. Kwa nini? Kwa sababu chungwa lilikuwa limeshabeba mwendo wa treni kabla hujalirusha, na hewa ya ndani ya behewa nayo inakwenda na treni. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, na pale ardhi inazunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Ndege iliyosimama uwanjani inazunguka kwa kasi hiyo hiyo, na hewa juu yake vilevile. Ikipaa haiachi mwendo huo chini. Kwa hiyo New York haiji kuifuata. Inabidi ifuatwe.

Sasa niseme juu ya zile kilomita 11,840, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotoka kwa sababu ya ramani ya ukutani. Ukichora mstari kwa rula kwenye ramani ile, Nairobi mpaka New York, mstari unapita Kongo, Kameruni, Naijeria, Mali, Mauritania, halafu bahari. Wengi wanaamini ndege inapita huko. Lakini ramani ni ganda la chungwa lililobanwa likalala bapa, lazima livutike mahali.

Darasani nilikuwa na tufe la kipenyo cha sentimita 30. Nilikuwa namwita mwanafunzi mmoja aje na uzi wa cherehani. Anabana ncha moja Nairobi kwa kidole gumba, anapeleka nyingine New York, anaukaza. Uzi ukikazwa hukataa kukaa pale ulipotaka wewe. Unateleza wenyewe kwenda kaskazini mpaka upate njia fupi. Unaacha Kenya, unagusa Uganda, unakata Sudan Kusini, Chad, Niger, unapita jangwa lote la Sahara kusini mwa Algeria, unafika Moroko. Nusu kamili ya safari iko jirani na Marrakech. Ndiyo, Marrakech! Kisha bahari ya Atlantiki peke yake mpaka Marekani. Ukiupima uzi huo kwa rula unapata karibu sentimita 28, na mzunguko wa tufe lile ni kama sentimita 94. Mzunguko wa dunia ni kilomita 40,000 hivi. Fanya mwenyewe uwiano, utaangukia pale pale kwenye elfu kumi na moja na mia nane na ushee.

Njia hiyo ndiyo huitwa duara kuu. Tovuti za umbali hufanya kazi ya uzi ule kwa kutumia latitudo na longitudo za viwanja viwili na wastani wa nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371. Kosa lake ni dogo sana, maana dunia imebonyea kidogo tu kwenye ncha. Kwenye umbali tovuti haidanganyi. Inapotosha pale inapotoa muda kana kwamba muda nao hupimwa kwa uzi.

#5 hojaNzito

Mwalimu, Mungu akuweke. Chungwa nimelielewa. Sasa hiyo tofauti ya saa moja kati ya kwenda na kurudi inatoka wapi kama si mzunguko?

#6 fundi_bawa

Naomba nijibu mimi, niko kwenye kazi hizi.

Mdau wa #2 ameshalisema: tezi na omo. Juu kule kilomita 10 hadi 12, kati ya tropiki na ncha ya kaskazini, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. Unazaliwa na tofauti ya joto kati ya hewa ya kusini na ya kaskazini, na hapo mzunguko wa dunia ndipo unapoingia, kwa sababu ndio unaoupindisha upepo uelekee mashariki. Kwa hiyo swali lako halikuwa la bure, mzunguko umo, ila umo kwa mlango wa nyuma. Majira ya baridi mkondo huo unaweza kuvuka kilomita 300 kwa saa. Februari 2020, wakati wa dhoruba kubwa ya Atlantiki, ndege ya British Airways aina ya 747 ilitoka New York ikafika London chini ya masaa 5, safari ambayo kwa kawaida huchukua sita na zaidi. Injini hazikuongezewa kitu. Ilibebwa.

Sasa elewa hili: mwendo wa 900 kwa saa ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, si juu ya ardhi. Hewa nayo ikija usoni kwa 100, ardhini unatembea 800. Chukua kilomita za mwalimu, 11,840. Kwa 900 ni masaa 13 na dakika 9. Upepo ukikukata wastani wa kilomita 60 tu, ni masaa 14 na dakika 6. Hapo hujaweka kupanda, kushuka, kutembea ardhini, kukwepa mawingu ya radi kwenye ukanda wa ikweta, na kuzungushwa angani ukisubiri zamu ya kutua. Ratiba inahesabu tangu ndege inaposukumwa kutoka kwenye maegesho mpaka inapoegeshwa kule. Ndiyo 15. Kurudi unakuwa na tezi kwenye Atlantiki, lakini JFK ina foleni ndefu ya kupaa, unaweza kutembea ardhini mpaka ukadhani mnakwenda Nairobi kwa barabara, na dakika hizo ziko ndani ya zile 14.

Kuna jambo lingine ambalo tovuti ya kilomita haiwezi kukuonyesha: mwinuko. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, bawa linapata cha kushika kidogo, injini nayo inavuta hewa kidogo. Ndege ya 787-8 ikijazwa inafika tani kama 228, na matangi yake yanameza lita kama 126,000. Uzito huo kuuinua Nairobi saa saba mchana kwenye jua ni kazi nzito. Usiku hewa imepoa, imeshikamana, na njia ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita nne. Kupaa usiku kunasaidia sana. Ukikaa dirishani utaona: taa za pembeni zinapita, zinapita, unaanza kujiuliza, ndipo pua inanyanyuka.

Addis Ababa ni zaidi, mita 2,300 na ushee. Kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian ya kwenda Washington imekuwa ikisimama njiani kuongeza mafuta, lakini ya kurudi inakuja moja kwa moja. Umbali ni ule ule! Tofauti ni kwamba Washington iko karibu na usawa wa bahari, unapaa na mafuta yote unayotaka, halafu upepo unakusukuma. Kwenda ni mlima juu ya omo.

#7 dada_wa_Bronx

Niko huku New York mwaka wa tisa, niongeze moja linalowasumbua wapokeaji. Tofauti ya masaa 8 si ya mwaka mzima. Jumapili ya pili ya Machi huku wanasogeza saa mbele, inakuwa 7, mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Nyumbani saa hazisogezwi. Kwa hiyo kama mgeni wako anakuja Aprili na wewe unahesabu kwa kichwa cha Januari, utafika uwanjani kwa saa isiyo yake.

Pia, ndege kutua si mgeni kutoka. Uhamiaji, mizigo, forodha. Mama mtu mzima asiyejua Kiingereza anaweza kukaa zaidi ya saa moja kabla hujaona kilemba chake mlangoni. Mwandikieni karatasi: anakwenda kwa nani, anuani, simu, atakaa siku ngapi. Mama yangu mimi aliishika karatasi ile mkononi tangu Nairobi. Alipotoka ilikuwa imelowa jasho, imekunjika mara nane.

#8 tabata_relini

Mimi nasafiri kutoka Dar. Je, kupitia Dubai ni mbali zaidi kuliko Nairobi? Bei nimekuta zinakaribiana.

#9 mwl_jiografia

Kwa kilomita, ndiyo, ni mbali zaidi. Dar hadi Dubai ni kama 3,980, Dubai hadi New York kama 11,020. Jumla 15,000. Kwa Nairobi ni 670 na 11,840, jumla 12,510. Umezunguka kilomita 2,500 za ziada.

Lakini usiamue kwa hizo. Tazama unasubiri muda gani katikati. Ukifika Nairobi saa nane mchana na ndege yako ni ya saa tano na nusu usiku, umekaa kwenye viti vya chuma masaa tisa na nusu. Akiunganisha mwingine Dubai kwa masaa matatu, mnaweza kufika karibu pamoja. Hesabu tangu unapofunga mlango wa nyumba yako hadi unapofunguliwa mlango wa mwenyeji.

#10 mama_ntilie_wa_Buguruni

Wakuu, na mimi niseme langu, linaniuma mpaka leo.

Mwaka juzi nilimkatia tiketi mdogo wangu wa kike kwenda Ughaibuni wa Kiarabu, kazi ya halali, mkataba umesainiwa. Wakala mmoja, simtaji, akanitumia ujumbe: "Ndege ni Jumapili saa 12:40 usiku." Mimi nimezaliwa Buguruni. Saa kumi na mbili na dakika arobaini ni magharibi, watu wanatoka kuswali. Jumapili tukapika pilau, ndugu wakaja, tukapiga picha. Saa nane mchana tukaingia kwenye gari kumpeleka uwanjani. Kijana wa mlangoni akaitazama tiketi, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Mama, hii ndege iliondoka jana usiku."

Ilikuwa ni 00:40. Dakika arobaini baada ya usiku wa manane, kwa lugha yetu usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, saa sita na dakika arobaini. Yule wakala alitafsiri saa ya Kizungu nusu, akaacha nusu. Tulilipa upya. Mdogo wangu alilia kwenye kiti cha nyuma mpaka Tazara, na hakuna aliyejua la kumwambia.

Tangu siku ile, mtu akinipa saa ya ndege namwambia aniandikie kwa tarakimu nne, na aniandikie "usiku wa kuamkia" siku gani. Asipoweza kuniandikia hivyo sitoi hela.

#11 kigamboni_feri (mleta uzi)

Pole sana dada yangu. Hili lako nimelichukua, nimelibandika kwenye kundi la familia kama lilivyo. Kila mwenye ndege ya baada ya usiku wa manane alisome.

Kwa walioniuliza inboksi kuhusu dawa: mama anameza kidonge kimoja kila baada ya masaa 24, saa mbili usiku. Nesi wa kliniki alimwambia asibadilishe saa ya mkononi mpaka afike na kutulia, ameze kwa saa ya nyumbani. Saa mbili usiku ya Dar, majira haya, ni saa sita mchana kwa kaka. Ameendelea hivyo hivyo, anameza baada ya chakula cha mchana. Kila mtu amwulize daktari wake, dawa hazifanani. Na miguu ilimvimba kidogo, amesema alikaa masaa manne ya mwanzo bila kunyanyuka kwa kuogopa kumsumbua jirani yake. Aliyekaa kando akaligundua hilo, akawa anasimama mwenyewe kila baada ya muda, anamwambia kwa ishara, twende.

Fundi, swali moja: hii ya masaa 15 ndiyo ndefu kuliko zote?

#12 fundi_bawa

Hapana mkuu. Singapore Airlines wanatoka New York hadi Singapore kwa Airbus A350-900ULR, zaidi ya kilomita 15,300, masaa zaidi ya 18. Ndege hiyo ilitengenezwa maalumu, matangi yameongezewa uwezo na viti vimepunguzwa. Ila nikiri, kupaa kutoka mita 1,600 na kutua New York bila kusimama, mimi hunisisimua zaidi.

#13 kigamboni_feri (mleta uzi)

Shukrani wote. Mama anarudi Jumanne ijayo. Nimeshafanya hesabu, mnikague.

Anaondoka JFK 12:30, saa sita na nusu mchana, huku kwetu saa mbili na nusu usiku, nusu saa baada ya muda wa kidonge chake. Masaa 14. Anatua Nairobi Jumatano saa nne na nusu asubuhi. Ndege ya Dar ni saa saba mchana, mwendo wa kama saa moja na robo. Safari hii jua linakuja kumlaki, kwa hiyo usiku wake utakuwa mfupi, nimemwambia asishangae kukicha mapema.

Dereva wa bajaji nimemwandikia: Jumatano, 15:45, saa tisa na dakika arobaini na tano mchana, tuonane kivukoni upande wa Kigamboni. Amenijibu, "Mchana wa jua, siyo usiku wa kuamkia?" Nimemwambia mchana wa jua.

#14 fundi_bawa

Hesabu iko sawa. Mwambie akae upande wa kulia wa ndege. Asubuhi wakikaribia kutua, mawingu yakiwa mepesi, ataiona ardhi ya nyumbani bila jua kumpiga usoni.